Mato Mawili

Mababu waliweka sahani za Uchina katika vidaka hivi.
Mimi nimeweka kamera.
Sita, zote za macho mawili, jicho juu ya jicho,
kama mtu aliyelala ubavu akikutazama.
Swabra, mke wangu, huzifuta vumbi akizipa mgongo;
hali wala hanywi chumbani mle, kwa haya.

Ya saba nilisikia habari zake msibani,
kati ya kahawa na dua:
mjane wa Lali wa Studio, kule Langoni,
anauza vitu.

Nilikwenda kesho yake, baada ya alasiri.
Bi. Esha Famau alifungua kanga fundo kwa fundo
ikatoka Yashika nyeusi, ngozi imebanduka pembeni,
ina harufu ya karafuu na siki.
Nikainua kifuniko, nikachungulia.
Lenzi ya chini ina mtoto wa jicho:
kuvu, nyuzi nyeupe, kazi ya chumvi na miaka.
Sekunde moja inakwama. Nusu sekunde inasuasua.
Nikazitaja ila zake moja moja, kwa sauti,
kama mposaji asiye na mahari.

"Elfu kumi na mbili," akasema.
"Saba, Bi. Esha."
"Lali alipiga muyi mzima kwa mato haya:
pasipoti, maarusi, maiti mmoja,
watoto wa chuoni waliotoka wote wamefumba.
Mimi nilishika shuka jeupe, nimrudishie mwanga.
Miaka thelathini na nane, ni mkono wangu tu
ulioingia pichani,
naye akaukata kwa mkasi."

Nikasema kumi.
"Kumi. Na unipige mimi kwanza,
kabla haijatoka nyumba hii."

Hapa niseme kweli:
sijawahi kutia filamu kamera yoyote.
Mimi ni mtu wa kununua. Napenda
uzito, mlio wa kifuniko, namba zilizochongwa juu ya lenzi,
kulipa kidogo kuliko inavyostahili.

Akaketi, akautengeneza mtandio.
Nikainama. Kamera hii hairuhusu kumkodolea mtu;
unaiinamia kifuani
kama aliyeulizwa swali zito.
Ndani ya kioo alikuwa mdogo, ana nuru,
kushoto kwake kulia.
Akasogea huku, nikamfuata kule, nikampoteza,
nikakuta ukuta, msumari, kalenda ya mwaka uliopita.
Nikarudi. Nikazungusha mkono. Nikabonyeza.
Twa.

"Itakuwa tayari lini?"
"Mwezi ukiandama."

Usiku ule niliiweka kidakani,
lakini haikukaa kama zile sita.
Nikaigeuza ielekee ukutani.
Filamu nikaagiza Nairobi, mbili, zilizopitwa na tarehe,
zikanigharimu nusu ya kamera,
zikafika wiki ya tatu ndani ya boksi la tambi.
Swabra akauliza kama nimerogwa.

Nikabisha hodi Langoni na uongo uliokwisha kupigwa pasi:
mwanga ulikuwa hafifu, haikutoka vyema,
mashine nazo, Bi. Esha, wazijua.
Alifungua mlango ameshavaa, wanja machoni,
shuka jeupe kalikunja mkononi.

"Mkono wa kamera tupu huzunguka wepesi," akasema.
"Niliusikia. Ndoo. Leo umeieta?"

Nikatoa mfukoni.
Akaipokea, akaichana gundi kwa jino,
akaitia mwenyewe, mshale mbele ya alama,
vidole vikijua njia bila kuangaliwa,
akanirudishia, nayo sasa nzito kidogo,
au ni mikono yangu.
Shuka akalitundika msumarini, juu ya kalenda.
Akaketi.

Nikainama.
Akasogea kushoto.
Safari hii sikumfuata.
Nilingoja arudi.